Lebo za Dada Akoth

Moreen, tumefika Uarabuni salama, lakini kwenye uwanja wa ndege nimeaibika mpaka nikatazama viatu vyangu.

Ayoo, aliyewahi kusafiri huku, alituonya kwamba chakula kisicho na lebo hutupwa. Basi dada Akoth ameandika lebo mwenyewe, kwa mwandiko ule wa darasani kwetu Kansanga, akazibandika kwenye mikebe minne ya odii, lile rojo letu zito, aliyomsagia binti yake aliyejifungua huku apate maziwa ya kumnyonyesha mtoto.

Mkaguzi, mama mtu mzima mwenye Kiswahili cha Unguja, akasoma kwa sauti.

"Viambato: karanga, simsim, subira."

"Ndiyo, mama," dada akajibu.

Subira, Moreen. Ameiandika kabisa.

"Mwisho wa kutumika: mtoto akiota meno?"

"Hapo atakuwa anakula ugali."

"Na kiwanda kiko wapi?"

"Katwe, nyuma ya nyumba yangu."

Foleni nzima ikacheka. Nikajua odii yote imekwenda.

Mkaguzi akafungua mkebe, akanusa, akanusa tena. Akasema mitatu ipite, mmoja ubaki kwa uchunguzi.

Dada akamwuliza kwa upole kama uchunguzi huo una mtoto anayenyonya.

Yule mama akainamisha uso. "Wa binti yangu. Arobaini ya uzazi haijatimia."