Dawati Langu Sasa Liko Nyuma

Jumanne jioni, wakati wa prepu, tunajisomea darasani

Na bado kiganja kinauma pale ukingo wa dawati uliponikata.

Nimekuwa wa thelathini na moja. Muhula uliopita nilikuwa wa tatu. Hapa tunaketi kwa namba za mtihani, wa kwanza mbele, wa mwisho nyuma, kwa hivyo mwalimu wa darasa alipomaliza kusoma matokeo ya mtihani wa kufungua muhula, kila mtu alibeba dawati lake hadi mahali pake papya. Langu lilijaa vitabu. Wangari, jirani yangu wa dawati tangu kidato cha kwanza, alishika upande mmoja.

"Ni mtihani wa kufungua tu, Nekesa. Ati unalia?"

"Silii."

Tuliliweka kwenye pembe ya nyuma, akarudi mbele. Hakugeuka tena. Simlaumu, lakini nimekasirika.

Huku kioo kimoja cha dirisha hakipo na baridi ya mlima inaingia tu. Wasichana wa huku wanapiga stori kwa Kikuyu. Mimi wa Bungoma sikijui, nacheka tu wakicheka.

Jumapili Baba atakuja kunitembelea kutoka Timau, anakofanya kazi ya polisi. Nasikia huko kituoni polisi wenzake wote wanajua mimi ni wa tatu. Sasa nitamwambia nini, kwamba...

Nimerudia lile swali la saba la hesabu lililonimaliza. Nimelipata! Nilikuwa nimeruka alama moja ya kutoa, basi. Nimefurahi mpaka nikageuka haraka kumwonyesha Wangari.

Nikakuta ukuta.