Sahani ya Roswitha

Wiebke, nimejiaibisha leo mpaka natamani ardhi ipasuke inimeze.

Tulipotoka kumzika Roswitha tulikwenda kwake kunywa kahawa. Mumewe, mzee Eckehard, akaleta biskuti za viungo kwenye ile sahani ya kale ya bluu. ILE! Unajua nilivyoimezea mate miaka yote.

Akasema, "Kuleni. Alizioka mwenyewe, akaziweka koponi zilainike mpaka Krismasi."

Na mimi? Nikaiinua sahani nichungulie muhuri wa kiwanda chini yake. Msibani, Wiebke! Mkono ulikwenda wenyewe, kama niko mnadani.

Biskuti zote chini. Zote! Watu wakarudi nyuma kwa mshtuko, wakazikanyaga.

Sahani je? Haikupata hata ufa. Nilikuwa nimeikumbatia kama mtoto!

Mzee wa watu akapiga magoti, akawa anaokota vipande, anavipuliza vumbi, anavirudisha koponi. Nikamwambia, "Nisamehe, mzee wangu. Sahani yako hii hapa."

Hakuinua hata uso. "Nenda nayo tu, binti. Roswitha alishasema sahani ni yako. Biskuti ndizo zilikuwa zangu."