Ngeleja Kafia Zamu Yangu

Saida, tumekwisha!

Si unalijua gemu la Konsta la vita na viumbe wa angani, lile la kucheza kwa zamu? Askari wote mume wangu kawapa majina ya wachimbaji wenzake.

Leo kaandika maoni: "Ngeleja kafia zamu yangu, kafukiwa na kifusi. Halina huruma hili, sirudi tena."

Kayatuma grupu la wachimbaji badala ya la gemu! Na huku machimboni Nyangoto, ukisema zamu ni ya kushuka shimoni!

Kafia zamu yangu, Saida! KAFIA!

Akaufuta ujumbe. Sasa wanauliza anaficha nini.

Ngeleja mwenyewe yuko chini kazini, simu haipatikani. Mama yake anakuja kwetu akilia, wanaume nyuma na sururu.

Konsta yuko uvunguni, ananong'ona: "Waambie nilisevu, namrudisha."