Mama, Tumefunga Ndoa Kanisani Kwako

Mama yangu,

Nimeolewa! Jumamosi iliyopita, katika kanisa lile la kifalme ulilolisafisha miaka kumi na minne, mimi na Otieno tulisimama mbele ya madhabahu. Nakuandikia nikiwa jikoni kwetu Edmonton, miguu bado inaniuma kwa kucheza.

Haikuwa rahisi. Tulipokwisha kukuzika, nilimwambia Otieno sitaki kuolewa pengine ila pale. Kasisi alitupokea vizuri, akatueleza wanaoruhusiwa kufunga ndoa pale: wakazi wa ndani ya ua wa jumba la kifalme, wafanyakazi wa kanisa na watoto wao, na waumini wanaosali pale daima. Nikasema haraka, "Mimi ni mtoto wa mfanyakazi." Akatafuta jina lako, akatafuta tena. Halikuwemo, Mama. Aliyekuajiri ni kampuni ya usafi, si kanisa. Nililia ndani ya basi mpaka Otieno akaanza kuwaomba abiria radhi.

Ni yeye aliyesema, "Basi tusali pale. Si amesema wanaosali?"

Miezi sita, Mama, kasisi akihesabu mahudhurio yetu kila Jumapili! Yeye ametoka shifti ghalani, mimi nimetoka kumwogesha bibi ninayemtunza, treni hazipo kwa sababu ya matengenezo, tunaunganisha mabasi matatu kutoka Edmonton. Jumapili moja Otieno alikoroma katikati ya mahubiri. Mzee mmoja Mwingereza na mkewe, waliokaa nyuma yetu, wakamfunika koti. Hao ndio waliotuokea keki ya harusi. Nilianza kwenda kwa ajili ya ruhusa tu. Sijui ni lini nilianza kuingoja Jumapili.

Siku yenyewe kasisi alisema, "Leo tunamshukuru Dorcas, mama wa bibi harusi, aliyelitunza kanisa hili, nasi hatukuliandika jina lake." Ndipo mama mdogo Wakio akapiga kigelegele, Mama, kikapanda mpaka darini! Ulikuwa ukiniambia, "Pale mtu hapazi sauti." Mdogo wako amepaza, na Waingereza wakapiga makofi.

Ningependa ungeona. Ah, ningependa sana.

Kesho kutwa ni Jumapili, nasi tutakwenda, ingawa hakuna tena anayetuhesabu. Tukijaliwa mtoto wa kike ataitwa Dorcas, na hata akinijibu kwa Kiingereza, nitamsimulia habari zako kwa Kiswahili mpaka azijue.

Pumzika sasa, Mama. Umefanya kazi vya kutosha.

Mwanao,
Mghoi