Mashine ya Joto Haisikii Baridi

Baba watoto, na nyinyi wanangu,

Supu iko kwenye sufuria. ~~Leo mpike wenyewe, mikono mnayo.~~ Mpashieni bibi yenu kwanza, amekohoa tangu alfajiri.

Ile mashine ya nje inayotuletea joto ndani MSIIFUNIKE TENA. Asubuhi nyumba imekuwa baridi kama kaburi, wote mkanigeukia mimi: "Mama, umebonyeza nini tena?" Mimi! Nimetoka na kandambili kwenye barafu, nakuta mashine imefunikwa gubigubi kwa blanketi zito la bibi. Baba watoto naye eti, "Niliionea huruma, ilikuwa inatetemeka." Huruma gani hiyo? Mashine ilale na blanketi, mama yako mzazi alale na koti!

Fundi alitueleza sote. Ile haichomi kitu kama jiko. Inavuta hewa ya nje, na hata hewa ya baridi ina joto lake kidogo. Inalikusanya hilo joto na kutuletea ndani. Sasa ukiiziba pua itavuta nini? Wewe, baba watoto, uliitikia "naam, naam" huku unachezea simu.

Nimeifunua, inazunguka. Joto litarudi polepole, msiguse kitufe. Ikitoa mvuke msiimwagie maji, si moto ule, inayeyusha barafu yake.

Blanketi limelowa, nimelianika bafuni. Likikauka apewe mwenyewe. Atakayeiona mashine inatetemeka tena, atoke nje akaikumbatie yeye.

Mama yenu, ambaye hakubonyeza kitu.