Vikombe Viwili vya Jivu

Fundi Athmani,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kuondokewa na sharubu zangu za upande wa kushoto. Mauti yalizikuta karakanani kwetu, mbele ya tanuri, na mazishini hakuhudhuria mtu ila mimi na kioo. Za kulia zingali hai, ila zimebaki wajane, nami napita vichochoro vya Mji wa Kale nimejiziba mdomo kama mwenye kuumwa na jino.

Ungekuwapo ungecheka hadi ukohoe. Lakini wa kulaumiwa ni wewe. Ni wewe uliyenitia wazimu huu wa kukoroga jivu la vifuu vya nazi ndani ya aluminiamu. "Salimu, sufuria kuukuu ikiyeyuka huwa laini kama moyo wako. Itie jivu, ipate mifupa." Kisha ukaenda zako, Mungu akurehemu, ukaniachia mifupa.

Siku ya hitima yako nilimwahidi mkeo, Bi Zena, mbele ya watu, kwamba akitoka eda ataikuta bushi mpya, pete ya kushikia shafti, kwenye mashine yake ya kukamua miwa kule Ganjoni. Bushi ya jivu lako, isiyolika kila mwezi. Katoka eda. Shafti inayumba, mashine imenyamaza, na riziki yake ndiyo hiyo.

Mara ya kwanza jivu lilielea kama mafuta ya mchuzi. Nikikoroga linazama, nikipumzika linapanda kunitazama. Mara ya pili sikulikausha motoni, na mvua hizi za Elninyo zimelowesha hata chumvi koponi, seuze jivu. Chungu kikatema aluminiamu ya moto, sharubu zikaenda. Watu nimewaambia ni stovu.

Mara ya tatu nililikausha hasa, nikalitia kidogo kidogo, likazama na kutulia. Nikamimina, nikachonga, nikaenda Ganjoni kwa miguu, kifua mbele. Bi Zena akatia muwa mmoja tu. Bushi ikakatika kama biskuti.

Nilikasirika, Athmani. Nilikusema vibaya pale pale, mbele ya mkeo: mtu gani huyu, anaacha ndoto na kipimo kisichofaa.

Akaokota kipande. "Ulitia kiasi gani?"

Vikombe viwili vya kahawa, nikamwambia, kama alivyosema marehemu.

"Vya mfuto au vya kufura?"

Bi Zena, nikamjibu, mimi nimelelewa. Mama yangu hakupata kumpimia mtu mfuto, hiyo kazi ya mabahili. Nilivijaza vikafanya vilima.

Hapo akacheka, na sijamsikia akicheka tangu tukuzike. "Athmani alikuwa akikifuta kikombe kwa kidole, jivu likawa sawa na ukingo. Nikimwita bahili kila siku."

Miaka yote nimesimama ubavuni mwako na kidole hicho sikukiona. Nilikuwa nikizungumza, bila shaka.

Basi hii ndiyo habari kamili. Palipokatika ni rangi moja, hapana doa: jivu lako limechanganyika, Fundi, ila mkono wangu ulizidisha. Bi Zena kanipa kikombe chako. Kesho nawasha tanuri, na nakuahidi nitakifuta kwa kidole, mama yangu anisamehe. Kama bushi itashika, sijui. Leo mashine bado imenyamaza.

Pumzika, bahili wangu.

Salimu