Brayson na kodi ya vipande

Penina weee! Kaka Brayson kaumbuka!

Unakumbuka ule mnada wa kanisani Kikwe? Alinunua mkungu wa ndizi, kisha akatangaza kwamba faida ya vipande anavyonunua kwenye ule mfuko wa uwekezaji haikatwi kodi kamwe, eti pesa zote zimekopeshwa serikali kwa hatifungani, ambazo riba zake hazina kodi. Kamwe! Alisema kamwe!

Leo mama mkwe wake kaja na karatasi ya taarifa ya mfuko. Kumbe nusu ya pesa iko benki, na riba yake imekatwa kodi. Kaka hakuwahi kuisoma!

Mama mkwe hakufoka. Kasema tu, “Baba, watu thelathini walikuamini. Jumapili utasimama palepale uwaambie ukweli.”

Sasa kavaa suti ya kanisani, anazungukazunguka migombani akijisemea. Na leo ndiyo kwanza Jumanne!